Daftari la Gari Lenye Kitanda

Nina daftari ambalo simwazimi mtu, hata awe mchungaji. Ni lile gumu la kurasa mia mbili, nimelifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ili upepo wa huku kwetu Mlalo usilipekue. Kila kitu kilichofanyiwa gari letu kimo humo: tarehe, kilometa, kifaa kilichotoka, kilichoingia, na maneno ya fundi kama alivyoyasema, pamoja na yale ambayo baadaye alitamani asingeyasema. Jirani yangu huniita karani wa mashine. Mimi humjibu kwamba pikipiki ya mumewe imelala chini ya mgomba tangu mvua za vuli kwa sababu hakuna anayekumbuka iliungwa nini na lini. Tunacheka, kisha anaomba chumvi.

Ukarani huo nimeufanyia kazi kweli. Nilikaa miaka mingi upande wa Bulwa, kwenye karakana ya kiwanda cha chai, nikitunza kadi za matrekta na mashine. Mkuu wa karakana alikuwa na sheria moja asiyoichekea. Kilichokaguliwa, andika. Kisichokaguliwa, andika HAIKUKAGULIWA, herufi kubwa, na useme kwa nini. Usiache nafasi tupu, maana atakayekuja baada yako ataona weupe na kudhani ni uzima. Niliishika sheria ile mpaka wenzangu wakaniogopa. Huko huko ndiko nilikojifunza kuendesha, kwa pikapu ya karakana, kwenye barabara za matope ambazo wanaume wazima walikuwa wakishuka na kusukuma.

Gari letu ni la kulalia. Mbele ni vani ya dizeli kama vani nyingine, nyuma ya viti kuna pazia, na nyuma ya pazia ni chumba: kitanda, sinki, jiko dogo la gesi, kabati, taa nne na friji isiyozidi kreti ya soda. Watalii wawili, mke na mume, walipanda nalo Lushoto likawafia kwenye kona za Soni. Walilivuta mpaka uani kwenye nyumba ya wageni, wakasubiri wiki tatu, wakachoka, wakarudi kwao kwa ndege. Sisi tulilinunua likiwa maiti. Mtaa mzima ulidhani tumerukwa na akili, wazee wawili wanaonunua nyumba ya magurudumu ilhali wana nyumba ya tofali.

Sababu ilikuwa mume wangu. Ni mwalimu mstaafu, na mwaka aliostaafu alipanda kwenye mpeasi wetu kuchuma mapeasi kama kijana, tawi likamwachia. Aliumia uti wa mgongo. Kutembea anatembea, polepole, na fimbo. Kukaa ndiko kunakomshinda: nusu saa kwenye kiti, jasho linamtoka na miguu inakufa ganzi. Hospitali inayomtibu iko Moshi, na tarehe yake ni kila baada ya wiki sita. Safari ya kwanza tulikwenda kwa basi, akashuka amebebwa. Ya pili akakataa, akasema bora akae nyumbani apinde mgongo kidogo kidogo. Nikamwambia hapindi mtu hapa.

Tangu gari lifufuke, yeye hulala kitandani nyuma na mkanda mpana wa turubai kifuani, mimi nashika usukani, tunateremka Lushoto, Soni, Mombo, kisha barabara kuu. Kwa miaka miwili hakukosa tarehe hata moja. Madaktari walisema neva zinaamka, lakini tusiruke hata mara moja. Akaanza tena kuhisi vidole vya miguu. Asubuhi moja alinishtua kwa kelele, nikadhani ameanguka, kumbe kidole gumba kimemwasha na ameshindwa kujizuia kushangilia.

Aliyelifufua gari ni mkwe wangu, mume wa binti yetu, fundi mwenye karakana karibu na soko. Ana mikono ya kusifiwa, nami namsifu bila kubana. Ila ni mtu wa adabu za zamani. Wapo wakwe wa siku hizi wanaojinyoosha sebuleni kwa wazazi wa wake zao, simu mkononi. Huyu alilelewa na bibi yake, na bibi alimaliza kazi. Shikamoo yake huniletea akiwa hatua kumi, macho kwenye nyasi. Mkono hanipi. Chakula hali nikiwa namtazama. Na mahali ninapolala mimi mama mkwe wake haingii, hata paa liwe linavuja.

Sasa gari lile lilipokuwa bovu, alikuwa akiingia na kutoka apendavyo. Siku nilipotandika shuka langu kwenye kile kitanda, basi, likawa na mlango wa chumbani. Mbele ya pazia aliona ni gari, anakaa, anawasha, anasikiliza. Nyuma ya pazia ni chumba cha wakwe. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa mdomo. Mimi mwenyewe niliona ni heshima yangu, na nisiwe mnafiki, niliipenda.

Matengenezo yetu yalikuwa sinema. Yeye amelala chini ya gari, mimi niko kwenye kigoda na daftari, hatua tatu kutoka kwake, na binti yetu amesimama katikati.

"Mwambie mama pedi za nyuma zimebaki kama ganda la muhogo."

"Mama, pedi za nyuma zimebaki kama ganda la muhogo."

"Nimesikia. Muulize ni pedi zenyewe zilizokuwa mbovu tangu tulipozifunga, au breki inang'ang'ania."

"Mama anauliza..."

"Nimesikia."

Binti alikuwa akituangalia mmoja baada ya mwingine na kuomba Mungu ampe subira. Lakini kazi ilikuwa inakwenda, na daftari lilikuwa linajaa. Safari moja, tukiwa tumepita Same, klachi ilianza kuzama. Fundi wa kando ya barabara alikanyaga mara mbili, akatikisa kichwa, akasema giaboksi ishuke, sahani ya klachi imekwisha. Nikafungua daftari juu ya boneti. Sahani mpya, miezi minne, kilometa kadhaa tu, na chini yake maneno ya mkwe wangu: ikizama, angalia hewa kwenye paipu kabla ya kugusa kitu kingine. Yule fundi alinitazama, akatazama daftari, akatoa hewa. Tulifika Moshi kabla ya saa ya daktari. Nilijisikia vizuri wiki nzima, sikatai.

Basi mwezi wa saba uliopita, baridi ikiwa imetukamata na ukungu hauondoki mpaka saa nne, daftari likajaa. Keshokutwa yake tulikuwa na safari ya Moshi. Nikaona nianze daftari jipya kwa mtindo wa kiwandani, siyo kwa tarehe bali kwa viungo vya gari: injini kurasa zake, breki zake, magurudumu, usukani, na mwisho nyumba, yaani gesi, maji, kitanda, taa na betri ya pili, ile iliyokaa chini ya kitanda kuwasha vya ndani. Nilikaa barazani na chai, nikanakili kutoka la zamani kwenda jipya. Injini ilijaza kurasa sita. Breki nne. Nilikuwa naimba kabisa.

Nilipofika kwenye nyumba sikuwa na cha kunakili.

Nikarudi mwanzo nikidhani nimeruka. Nikapekua ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mstari, kama mtu anayetafuta jina kwenye matokeo ya mtihani. Balbu mbili nilizobadilisha mwenyewe. Mtungi wa gesi niliobadilisha mwenyewe. Mengine hakuna. Miaka miwili, na hakuna fundi aliyetia jicho nyuma ya pazia. Chini ya sakafu gari langu lilikuwa na historia kama ya mgonjwa wa hospitali ya rufaa, juu ya sakafu halikuwa na hata neno. Wala sikuwahi kuandika HAIKUKAGULIWA. Ningeandika kwa nini? Kwa sababu fundi anaona aibu ya shuka langu?

Mume wangu alikuwa kwenye mkeka, akijinyoosha kama alivyofundishwa. Nikamuuliza, kwa kutaka tu kusikia sauti ya mtu, kama kitanda cha garini kina tatizo lolote.

"Hakina," akasema. "Tena nakipenda kuliko cha nyumbani. Tukishafika Mombo kinaanza kupata joto, hapa kiunoni. Kinanikanda mpaka Moshi. Huwa namshukuru Mungu kwa lile joto."

"Tangu lini?"

"Mwanzo lilikuwa kidogo. Siku hizi ni zuri zaidi."

Kikombe nilikiweka chini. Gari lile halina kitu chochote cha kupasha kitanda joto. Niliogopa, na hofu yangu mimi hutoka kama hasira. Nilikuwa nimemfunga mtu kwa turubai juu ya kitu kinachochemka, nikafunga pazia, nikaendesha safari baada ya safari huku nikijisifu.

Nilijaribu kufungua mwenyewe. Ubao wa kitanda umeshikwa na skrubu nane zilizoota kutu, bisibisi ikanichana kiganja na haikuzungusha hata moja. Nikampigia binti, akaja na mumewe saa tano. Mkwe akasimama palepale pake, hatua kumi. Nikamweleza binti, binti akaeleza, na nikaona uso wa mkwe ukibadilika kabla binti hajafika katikati. Alikuwa ameelewa yote. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa nyuma, akashika kitasa, akakiachia.

"Mwambie mama," akasema, "nitamleta fundi wa Lushoto. Nitasimama hapa nimwelekeze."

"Mwambie," nikasema, "fundi wa Lushoto hajui alipopitisha yeye nyaya za mbele. Na keshokutwa baba yake anatakiwa kulala humo."

"Mwambie mama siwezi. Bibi yangu..."

"Bibi yako Mungu amlaze pema!" Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu aoe. "Baba mkwe wako anaungua!"

Akarudi nyuma kama nimempiga. Binti akaanza kulia. Nilijua nimevuka mpaka, na nilijua pia kwamba ningevuka tena. Lakini yule kijana hakuwa mkaidi. Machozi yalikuwa yanamlenga. Alikuwa amefundishwa tangu mdogo kwamba kuingia pale ni kumvua mama mkwe nguo, na kinywa changu kisingeweza kumfundisha vingine kwa kelele.

Mume wangu ndiye aliyeamua. Alikuja na fimbo yake, hatua kwa hatua, akasimama katikati yetu.

"Kinachofanya pale pawe chumbani ni nini?" akauliza kwa sauti yake ya darasani. "Bati? Magurudumu?"

Akagonga ubavu wa gari kwa fimbo.

"Toeni matandiko."

Tukatoa. Mimi na binti tulibeba godoro tukaliegemeza kwenye ukuta wa jiko. Tukatoa shuka, mablanketi, mito, khanga zangu, shati lake la kulalia, hata ndala zangu. Nikalichomoa pazia lenyewe pamoja na ufito wake, nikalitupa kwenye nyasi. Majirani walisimama kwenye matuta ya mboga wakituangalia, nami niliwaacha waangalie, nilitaka waone mchana kweupe. Chumba changu chote kilikuwa uani mbele za watu. Ndani ya gari kulibaki mbao.

"Hapo napo pa nani?" mume wangu akamuuliza mkwe.

"Pa fundi, baba."

Alivua buti kwanza. Kisha akaingia.

Tulisikia skrubu zikilia moja moja. Ubao ukanyanyuliwa.  Alipotoka alikuwa na kipande cha plaiwudi mkononi, na katikati yake weusi wa upana wa kiganja, umekula mpaka tabaka la mwisho. Waya mnene unaochaji betri ya pili ulikuwa umepita chini ya chuma cha kitanda. Kila mtu anapolala upande ule, chuma kinashuka na kuutafuna. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika, chache zilizobaki zikabeba mzigo wote na kuwaka. Na fyuzi ambayo ingetuokoa, mtu fulani kabla yetu aliiondoa akaunga waya mtupu.

"Ilibaki safari moja liwake moto," akasema mkwe wangu. Hakumtuma binti. "Labda mbili, mama. Siyo tatu."

Mume wangu alichukua ule ubao, akapitisha vidole kwenye weusi. Alikuwa ameufahamu kwa kiuno chake muda wote ule. Akageuka akaenda kukaa kwenye ngazi, na akakaa zaidi ya ile nusu saa yake.

Kazi ilichukua siku mbili, mchana wote. Waya mpya, njia mpya mbali na chuma, paipu la kuufunika, fyuzi mahali pake. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni nikaandika kila inchi, tukaongea moja kwa moja, yeye akiangalia nyaya na mimi nikiangalia karatasi, na binti akaenda zake kupika. Jioni ya siku ya pili akasema amemaliza, bado kitu kimoja. Chuma kinashuka pale tu panapokuwa na uzito. Lazima mtu alale kitandani, injini ikiunguruma, na yeye aweke mkono kwenye waya chini yake ahisi.

Wote tukamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama na fimbo, na nikaona anavyolitazama lile gari. Tulioana nikiwa na umri wa miaka ishirini na moja, namjua. Alikuwa anaogopa, na alikuwa tayari kupanda kwa sababu nimesema hapindi mtu hapa.

"Nalala mimi," nikasema.

 Mkwe akaangalia chini. Tulirudisha godoro, bila shuka, nikavua viatu, nikapanda, nikajilaza mbele ya macho ya mkwe wangu. Sijawahi kufanya jambo la aibu kama lile, na sijawahi kuwa na uhakika na jambo kama lile. Binti akawasha injini. Mkwe akapiga magoti kwenye sakafu, akaingiza mkono chini ya kitanda mpaka begani, uso ameugeuzia kabatini. Kati ya kiganja chake na mgongo wangu kulikuwa na ubao na godoro.

Nilijisogeza nikae sawasawa na shimo ambalo mwili wa mume wangu umelichimba kwenye godoro. Hapo ndipo fikra iliponijia. Kilometa zote zile nilizoziandika niliziendeshea kule mbele. Upande huu sikuwahi kulala hata dakika tano.

"Mama," akasema mkwe, "unasikia joto?"

Nilitulia, nikangoja, nikahesabu mpaka mia tatu kimyakimya. Mlangoni mume wangu alikuwa ameegemea fimbo, hapepesi, ananiangalia mimi kama nilivyokuwa namwangalia yeye hospitalini.

"Hakuna joto, baba," nikamwambia mkwe wangu. "Lakini usitoe mkono. Tukae saa nzima."

Akauacha pale. Mume wangu alitoka mlangoni, akaingia taratibu, akaketi ukingoni mwa kitanda miguuni pangu, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.